Baiskeli Hairahisishi Kazi

Kwa mujibu wa daftari la fizikia la kidato cha pili, mashine ni kifaa chochote kinachorahisisha kazi. Ni sentensi fupi, imenakiliwa ubaoni kizazi hadi kizazi, na anayeikumbuka kwenye mtihani huchukua alama zake bila ubishi. Chini yake inafuata orodha: nyenzo, roda, mteremko, kabari, skrubu, gurudumu na ekseli. Halafu zinakuja kanuni tatu, ya manufaa ya kimakanika, ya uwiano wa mwendo na ya ufanisi, na mwisho maswali ya kufanyia nyumbani.

Swali lililomkwamisha mpwa wangu lilihusu baiskeli. Mkono wa pedali una urefu wa sm 17. Nusu kipenyo cha gurudumu la nyuma ni sm 36. Gia ya mbele ina meno 46, friwili ina meno 18. Tafuta uwiano wa mwendo. Nilipolichukua daftari lake niliona kwamba alikuwa amelifanya. Alikuwa amepata 0.18, na hilo ndilo jibu. Kisha alikuwa amelikata kwa mistari miwili ya kalamu, iliyokazwa mpaka karatasi ikakaribia kutoboka.

Tumezoea kuzungumza juu ya mtoto anayeshindwa masomo ya sayansi kana kwamba kuna kitu hakimwingii kichwani. Tunatafuta mahali palipovuja: hesabu za sehemu, Kiingereza, uvivu, simu. Binti huyu alikuwa na alama za kumtia mzazi aibu, na shuleni walishamweka katika fungu la wale ambao mwakani wasisumbuliwe na sayansi. Lakini pale kwenye ukurasa ule jibu sahihi lilikuwa chini ya mistari miwili, na aliyelikata ni yeye mwenyewe.

Nikamuuliza kwa nini.

“Mjomba, haiwezekani likawa chini ya moja,” akasema. “Mashine inarahisisha. Hii itakuwa inatuonea.”

Wenzake darasani walikuwa wamegeuza sehemu juu chini wakapata 5.4, jibu linalofanana na majibu mengine yote ya kitabu, ambayo ni 3, ni 4, ni 5. Yeye aliona kwamba kugeuza hivyo si halali, kwa kuwa kanuni inaanza na umbali wa jitihada. Hakuthubutu kuliacha lake, na la wenzake hakutaka kulinakili. Kwa hiyo alikaa na nafasi tupu, na nafasi tupu kwenye daftari huhesabiwa sawa na ujinga.

Hayo yalikuwa Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima, wilaya iliyomegwa kutoka Bariadi mwaka 2012, mwaka ule ule Mkoa wa Simiyu ulipozaliwa. Ni nchi ya pamba na ng'ombe, na ni nchi ya baiskeli pia, ingawa bodaboda zimezipokonya abiria. Abiria wameondoka, mizigo imebaki. Gunia la mkaa, kitanda kinachohamishwa, mbuzi aliyefungwa miguu, na zaidi ya vyote maji: madumu ya lita 20, mawili kila upande na mengine juu ya keria, mpaka baiskeli inabeba zaidi ya kilo mia moja. Mtoto wa huko hahitaji kuchorewa baiskeli ubaoni. Amepanda kwenye keria kabla hajajua kutembea vizuri, na akiwa na miaka kumi alikuwa anaendesha ya babu yake kwa kupitisha mguu chini ya bomba, maana kiti hakifikii.

Tena mashine hizi alikwisha kuzisoma. Shule ya msingi alisoma mashine rahisi kwa Kiswahili, na jitihada, mzigo na egemeo alivijua kwa majina hayo. Sekondari zimerudi kwa Kiingereza kana kwamba ni wageni. Nyumbani bibi yake humtuma kwa Kisukuma, mimi nabishana naye kwa Kiswahili, na jibu lazima liandikwe kwa Kiingereza. Kuhusu lugha ya kufundishia nchi hii imebishana tangu kabla sijazaliwa, na sina la kuongeza usiku mmoja mezani kwa bibi. Nasema tu kwamba mtoto anayefikiri kwa lugha moja na kuandika kwa nyingine hujifunza mapema kutoamini kile alichokifikiri, maana kila mara kinapofika kwenye karatasi kimepungua.

Na wakati wenyewe ni mfinyu. Kidato cha pili ndicho cha kuamua. Akivuka kwenda cha tatu, mwanafunzi anaweza kuziacha fizikia na kemia. Hisabati itamfuata atake asitake. Kabla ya hapo kuna upimaji wa kitaifa wa Baraza la Mitihani, NECTA. Binti akitoka shule anakwenda kuteka maji, anasonga ugali, anaosha vyombo, ndipo anawasha taa ya sola na kufungua daftari, saa ambayo hata mimi niliyeshinda nimekaa nasinzia. Mtu akikuambia kwamba watoto wa siku hizi hawajitumi, mwulize wa wapi.

Usiku ule sikumwambia kwamba 0.18 ni sahihi. Hilo lingemaliza kazi kwa nusu dakika, na yeye angelala akijua kwamba mjomba amesema hivi na wenzake wamesema vile, basi. Nilimwambia asubuhi tutaiuliza baiskeli yenyewe.

Asubuhi ilikuwa Jumamosi. Baiskeli ya nyumbani ni ile nyeusi ya kawaida, nzito, yenye bomba la juu. Tukapindua pedali moja mpaka ikaelekea chini kabisa, akaweka alama ya chaki kwenye tairi pale lilipogusa ardhi, na nyingine ardhini. Kisha akaisukuma taratibu kurudi nyuma, maana ukiisukuma mbele friwili haiizungushi pedali, mimi nikiiangalia pedali mpaka ikazunguka mara moja na kurudi chini. Tukapima kwa futikamba ya fundi seremala: baiskeli ilikuwa imekwenda karibu mita 5.8. Akapima na njia ya pedali, mduara wa nusu kipenyo cha sm 17, akapata mita 1.07.

“Mguu umekwenda mita moja,” akasema, “baiskeli imekwenda karibu sita.”

Akagawanya moja kwa nyingine, kalamu ikiwa juu ya goti. 0.18.

Akanyamaza, halafu akasema jambo ambalo kitabu chake hakilisemi. Kama mguu unakwenda kidogo na gurudumu linakwenda sana, basi mguu lazima unasukuma kwa nguvu nyingi kuliko ile inayofika chini. Kwa hesabu yake, hata ukisahau msuguano, ili gurudumu lisukume barabara kwa nguvu ya nyutoni 20, pedali inataka nyutoni 108 hivi. Mashine inaifanya kazi iwe nzito zaidi ya mara tano. “Sasa kwa nini tunaipanda?”

Hili ni swali la fizikia la hali ya juu, na limetoka kwa mtoto aliyeshauriwa aiache fizikia.

Tulilijibu kwa miguu. Mtu anapotembea, miguu yake ina nguvu nyingi kuliko anazozitumia na mwendo mdogo kuliko anaoutaka. Barabarani, palipo tambarare, gurudumu lililojaa upepo halidai nguvu kubwa ili liendelee kubiringika. Uzito wa mtu unabebwa na ekseli, unashuka ardhini, hauinuliwi. Kwa hiyo nguvu zimebaki na mwendo umepungua, na baiskeli inakuja kubadilishana: nipe nguvu nyingi kwa umbali mfupi, nitakupa nguvu ndogo kwa umbali mrefu. Haikuongezei chochote. Ukizidisha nguvu kwa umbali, upande wa mguu na upande wa tairi unapata kitu kile kile, ukitoa kilicholiwa na mnyororo na msuguano. Skrubu inabadilishana kwa kwenda huku, baiskeli kwa kwenda kule. Mkono wenyewe wa binadamu unafuata mkondo wa baiskeli: msuli wa juu unajishikiza sentimita chache tu kutoka kwenye kiwiko, wakati ndoo inaning'inia kwenye vidole, mbali, kwa hiyo msuli unavuta kwa nguvu mara kadhaa ya uzito wa ndoo ili kiganja kipande haraka. Hilo la mkono nililileta mimi. La mlima alilileta yeye.

Kuna kilima kidogo kwenye njia ya maji. Wauza maji wote wakifika pale wanashuka na kusukuma. Tangu utotoni aliona wakishuka, na alidhani wanashuka kwa kuchoka. Sasa akasema wanashuka kwa sababu mlimani biashara ile imegeuka hasara. Kule juu mzigo unainuliwa kweli, nguvu inayotakiwa ni kubwa, na mashine inayokudai mara tano ya nguvu hiyo huna haja nayo. Ukishuka na kusukuma kwa mikono, nguvu yako inafika yote kama ilivyo, moja kwa moja, mita kwa mita. Muuza maji ameifanya hesabu hiyo kila siku bila kalamu.

Katika nchi hii ukizungumza juu ya mwanafunzi na swali lake huwezi kumkwepa Erasto Mpemba, na sitaki kumkwepa, ila nadhani hadithi yake husimuliwa kwa kumwangalia mtu mmoja tu kati ya wawili. Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanayaacha yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friza. Nafasi ilikuwa ya kugombaniwa. Siku moja mwenzake alikoroga maziwa yasiyochemshwa na sukari, akayawahisha kwenye trei. Mpemba, kwa kuhofia kukosa trei iliyobaki, akaingiza ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu ya kwake yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado mazito tu. Akamwuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, walipofika kwenye kanuni ya Newton ya kupoa, akauliza tena. Mwalimu wa huko akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si ya ulimwengu. Kauli ikapendwa. Ikawa akikosea hesabu, darasa zima linasema hizo ni hesabu za Mpemba.

Halafu akaja Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi wa Mkwawa. Mpemba akasimama na swali lake mbele ya wote. Wenzake wakacheka. Osborne aliandika baadaye kwamba yeye pia alidhani kijana amekosea. Lakini hakumwambia hivyo. Alirudi Dar es Salaam akamwagiza fundi wa maabara ajaribu, na maji ya moto yakatangulia kuganda. Mwaka 1969 wakaandika pamoja makala katika jarida la *Physics Education*, mwanafunzi na mhadhiri, na jambo lile likabaki na jina la mwanafunzi.

Tunaposimulia, tunashangilia kwamba mtoto alikuwa sahihi na walimu walikosea. Mimi sina uhakika kwamba hapo ndipo penye uzito. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, walipitia majaribio ya nyuma na kufanya ya kwao, wakahitimisha kwamba hawaoni ushahidi wa kutosha kuwa maji ya moto huwahi kuganda. Wengine wanawapinga, na ubishi unaendelea. Tuseme kesho ikathibitika kwamba Burridge na Linden ndio wa kweli. Je, Osborne atakuwa amekosea kumsikiliza? Alimsikiliza akiamini kwamba kijana amekosea. Alilipima swali bila kwanza kupima hadhi ya muulizaji, na gharama yake ilikuwa maji na muda kidogo wa fundi. Msaidizi wa mtoto mezani halazimiki kujua kama mtoto yuko sahihi. Analazimika kwenda naye mpaka kwenye friza.

Lakini kuna upande wa pili, na nisipousema nitakuwa mjomba wa kusifiwa tu. Mpemba alilazimika kufaulu mitihani yake, na aliifaulu. Binti huyu naye atakaa kwenye chumba cha mtihani, na karatasi itamwuliza mashine ni nini, na msahihishaji atakuwa na mwongozo wenye sentensi moja. Akiandika kwamba mashine ni kifaa cha kubadilishana nguvu kwa umbali, anaweza kupata alama, anaweza asipate. Nilimwambia aandike ile ya daftari. Ilinikera kusema hivyo, naye ilimkera kusikia, akaniuliza kama basi tulikuwa tunacheza asubuhi nzima. Nikamjibu kwamba swali la kwanza linataka kumbukumbu na swali la tatu linataka hesabu, na kwenye hesabu asikubali kugeuza sehemu hata darasa zima likigeuza. Mtu mzima anayempandikiza mtoto mashaka na kumwacha arudi nyumbani na sifuri amejisaidia mwenyewe.

Mkoa wa Simiyu umewahi kulishughulikia jambo hili la mitihani kwa njia yake. Anthony Mtaka alipokuwa mkuu wa mkoa, wanafunzi wa madarasa ya mitihani walikusanywa kwenye kambi za kitaaluma, wakala na kulala pamoja, wakafundishwa na walimu wazuri kutoka shule mbalimbali, kwa hiyo hata aliyetoka shule isiyo na mwalimu wa fizikia alimpata mmoja kwa wiki kadhaa. Nazisifu. Mtoto wa kijijini ambaye jioni yake inaliwa na ndoo, kumpa wiki chache za kusoma tu ni haki aliyokuwa anadaiwa. Kambi hufanya kazi ya kambi: mitihani ya nyuma, masahihisho, mwendo wa haraka. Swali la kwa nini tunapanda mashine inayotuonea linahitaji asubuhi isiyo na haraka na mtu asiye na mtaala wa kumaliza. Mtu huyo si lazima awe na shahada. Bibi yake, ambaye hasomi, alikaa kwenye kigoda akimenya viazi vya michembe, na ndiye aliyetukumbusha kujaza upepo kabla hatujapima.

Jumatatu binti alilipeleka daftari. Nilijiandaa kwa malalamiko, kwa sababu sisi tunaosaidia nyumbani hupenda kumfanya mwalimu kuwa adui, inatupa umuhimu. Mwalimu wake anafundisha fizikia mikondo yote na kuazimwa kwenye hisabati, madarasa ambayo ukiingia huoni mahali pa kuweka mguu. Aliwapa wote waliopata 5.4 wafanye upya. Kwake aliandika vyema, akamwita, akamwuliza alipimaje mita 5.8. Aliposimulia, mwalimu akamwambia kipimo kina kasoro: alikuwa anaisukuma baiskeli tupu. Mtu akipanda, tairi linabonyea, nusu kipenyo kinapungua, na gurudumu linakwenda pungufu kidogo kwa kila mzunguko. Apime tena akiwa juu yake.

Mimi sikuwa nimeliwaza hilo.

Jumamosi iliyofuata tukarudia, safari hii yeye juu ya kiti, mdogo wake akisukuma kwa nyuma na mimi nimeinama na chaki. Kwa mzunguko mmoja wa gurudumu tulipata sentimita tatu pungufu. Mdogo wake akasema tatu si kitu. Yeye akasema mwisho wa kilometa moja ni zaidi ya mita kumi na tatu, na kwamba yeye ni mwepesi, muuza maji atapata zaidi. Akaenda nyuma ya nyumba kuchukua madumu mawili yaliyojaa ayafunge kwenye keria. Bibi akasema kwa Kisukuma kwamba maji hayo ni ya kupikia, na anayetaka kupima fizikia akateke yake.